Unga wa Benjamini

— Kaka, hebu sogea kidogo niione hiyo karatasi.

Muuza soda wa pale njia panda ya Mingoyo akasogea. Kwenye mlango wa duka lake, nyuma ya mgongo wake, palikuwa na tangazo la fotokopi lenye picha mbili. Ya kushoto ilikuwa ya mwanamke mnene aliyevaa gauni la kitenge cha maua makubwa. Ya kulia ni mwanamke huyohuyo na gauni hilohilo, ila sasa amekonda na gauni linampwaya kama la kuazima. Chini pameandikwa kwa herufi kubwa: BI. SKOLASTIKA WA TUNDURU. AMEPUNGUA KILO 21 KWA WIKI SITA. SASA AMEPATA MCHUMBA.

Restuta aliyasoma maneno yale mara tatu. Gauni lile alilishona mwenyewe, na muda ule lilikuwa limetundikwa kabatini kwake, Mitwero. Picha zile mbili alipigwa na Benjamini, mchumba wake, akimwambia ni za kuweka ndani ya albamu yao ya ndoa.

— Huyu mwanamke unamfahamu? akauliza.

— Huyo wa Tunduru. Ametumia unga wa mwalimu Benja, kapungua mpaka kaolewa.

Muuzaji alikuwa anafungua soda. Akasita, akamtazama usoni, akaitazama karatasi.

— Dada, mbona kama ni wewe?

— Huo unga unauzwa wapi?

— Nyumba ile pale, yenye mlango wa kijani. Muulize mkewe.

— Mke wa nani?

— Wa mwalimu Benja. Brigita.

Restuta akatafuta kreti tupu la soda, akakaa. Alikuwa anatoka Masasi kwenye semina ya walimu, ameshuka hapo kusubiri gari la kwenda Lindi. Gari likaja, likapiga honi, likajaza watu, likaondoka. Yeye bado amekaa.

Ngoja niwarudishe nyuma miezi mitano, muelewe kwa nini aliliacha gari lile limpite.

Mwaka ule ulikuwa 2005. Restuta Klementi alikuwa na miaka thelathini na nne, mwalimu wa darasa la nne, mtoto wa Newala aliyepangiwa kazi Lindi na kuizoea. Mwezi wa pili alipimwa damu kwenye zahanati ya mtaa, akaambiwa ana kisukari. Alilia palepale kwenye benchi. Shangazi yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo.

Tabibu wa zahanati ile aliitwa Hussen, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alimwambia:

— Mwalimu, hujafa. Utameza kidonge hiki asubuhi na jioni. Sukari kwenye chai uiache. Ugali ule, lakini uwe wa ngumi moja, na mboga ijaze nusu ya sahani. Na utembee nusu saa kila siku.

— Nitapungua lini?

— Polepole. Labda kilo mbili kwa mwezi. Tutakuwa tunapima.

Restuta akashika maagizo hayo. Alikula kisamvu, mlenda, kunde, samaki wa kuchemsha. Ofisini walimu wenzake wakila maandazi yeye anafungua kibakuli chake cha matango, wanacheka.

— Restuta, unataka kuwa malaika?

— Kale kaugali kako ka jana si ka kumlisha kuku?

Alicheka nao, lakini yalimwingia. Miezi miwili ikapita, akapungua kilo tatu. Hakuna aliyeona.

Benjamini aliona.

Alikuja shuleni siku ya michezo, amevaa suti ya mazoezi nyekundu na filimbi shingoni, akajitambulisha kuwa mwalimu wa viungo aliyesomea Dar es Salaam. Kila asubuhi alikuwa akiwafundisha wanawake mazoezi kwenye uwanja wa Rasbura. Alimfuata Restuta chini ya kivuli cha ukuta.

— Samahani mwalimu. Wewe umeanza kupungua, eti?

— Umejuaje?

— Mkanda wa saa yako umesogea tundu moja. Watu wanakuona mnene. Mimi nakuona mtu anayepigana vita peke yake.

Maneno hayo yalimmaliza. Wiki ile ile akaanza kwenda Rasbura. Wiki ya pili, Benjamini alimsindikiza mpaka Mitwero kwa miguu. Wiki ya tatu, simu yake ndogo ya Nokia ikawa inalia kila saa sita mchana:

"Mpenzi umekula nini leo? Niambie kweli."

Tangu azaliwe, hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza hivyo.

Siku moja alimletea kopo. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, unanuka majani.

— Hiki ni kitu changu mwenyewe, alisema. — Majani ya mlonge na mizizi ninayoijua mimi. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Usile kingine zaidi ya maji ya ndimu na tango.

— Na dawa za daktari Hussen?

— Restuta, hebu jiulize. Daktari akikuponya, kesho atamtibu nani? Vile vidonge vinakula figo. Wewe unataka kunizalia watoto na figo zipi?

Alisema watoto. Restuta alisikia hilo tu.

Siku hizo kila kona ya mji ilikuwa na duka jipya la dawa, kila sanduku lina maandishi ya nchi nyingine, na kila muuzaji ana jibu. Nani angejua la kweli ni lipi? Restuta alimwamini aliyempenda.

Ndani ya wiki moja alipungua kilo nne. Alikuwa anakwenda chooni kila mara, usiku misuli ya miguu inamkaza, kinywa kikavu kama chaki. Akamwandikia: "Benja nasikia kizunguzungu." Jibu likaja: "Hiyo ni sumu inatoka mama watoto. Usikate tamaa. Nakupenda."

Ofisini hakuna aliyecheka tena. Walimu wakawa wanamvuta pembeni.

— Restuta, umefanyaje? Tuambie na sisi.

Naye akawaambia. Zaidi ya wote, alimwambia Umi.

Umi alikuwa jirani yake, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mjane, mpika vitumbua. Ndiye aliyempokea Restuta siku ya kwanza alipofika Mitwero na begi moja. Umi alikuwa na presha na alimeza dawa miaka minane bila kukosa.

— Dada Umi, achana na hivyo vidonge. Nitazame mimi.

— Mdogo wangu, mimi naogopa. Nimevizoea.

— Mimi ni mwalimu, dada. Ningekudanganya?

Umi akapokea kopo kwa mikono miwili.

— Haya. Wewe umesoma.

Mwezi wa sita, Benjamini alituma barua ya posa Newala. Mzee Klementi, baba yake Restuta, akaipokea, na siku ya ndoa ikapangwa. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika siku Restuta aliposhuka kwenye gari pale Mingoyo.

Alinyanyuka kwenye kreti, akaenda mpaka kwenye mlango wa kijani.

— Hodi humu ndani.

— Karibu. Pita, mlango uko wazi.

Mwanamke mwenye umri kama wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, kinu mbele yake, mikono ina vumbi la kijani. Pembeni palikuwa na makopo matupu yamepangwa. Akainua uso, akaachia mchi.

— He! Skolastika!

— Naitwa Restuta.

— Lakini wewe ndiye wa kwenye picha. Karibu dada, karibu kiti. Benja alisema umelipwa kupigwa picha. Kumbe upo kweli!

— Wewe ni nani yake?

— Mkewe. Mwaka wa saba huu, tuna watoto wawili, wako shule. Mimi naitwa Brigita. Kwani vipi, mbona umekuwa hivyo?

Restuta alikuwa anatazama karatasi ya gazeti iliyotandazwa kando ya kinu. Juu yake palikuwa na rundo la vidonge vidogo vyeupe vilivyotolewa kwenye pakiti zake.

— Hivi ni nini?

— Hivyo? Brigita akapunguza sauti bila sababu. — Vya kukojoza. Ananunua maboksi kwenye maduka ya dawa. Nasaga na majani ya mlonge. Hivi vingine vya njano ni vya kuharisha.

— Na wewe unakunywa?

— Mimi? Akacheka. — Nina wazimu?

Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mgeni wake alikuwa ametoa simu mkobani na kumpa aisome. Brigita alisoma ujumbe mmoja. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu akarudi mwanzo.

— "Mke wangu mtarajiwa." Akasoma kwa sauti, kama anayejifunza kusoma. — Amekwenda kwenu?

— Barua iko kwa baba yangu Newala.

— Mimi aliniambia Lindi anafundisha mpira.

Brigita alijifuta machozi kwa mkono, vumbi la kijani likambakia shavuni. Mwishowe Brigita alichota konzi ya vidonge, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akampa.

— Mpelekee daktari. Na ukimwona mume wangu, usimwambie nimelia.

Saa nane mchana Restuta alifika Mitwero. Hakwenda kwake. Alikimbilia kwa Umi kumwambia mwaga hicho kitu, rudi kwenye dawa zako leo hii. Mlangoni alimkuta Sada, binti yake Umi, anafunga shuka na chupa ya chai kwenye furushi.

— Sada, mama yuko wapi?

Sada alimtazama bila salamu.

— Hospitali. Tangu asubuhi. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua, mwiko ukamponyoka. Mkono hauinuki, mdomo umekwenda upande.

— Mungu wangu.

— Daktari ameuliza, dawa za presha aliacha lini? Mimi sijui kama aliacha! Sauti ya Sada ikapasuka. — Mama kaniambia kwa ule mdomo mbovu, mwalimu ndiye aliyeniambia niache. Umemfanya nini mama yangu, Restuta? Yeye alikuwa anakuita mdogo wake!

Restuta alinyoosha mikono kulipokea furushi. Sada akamsukuma kwa bega, akapita.

Jioni ile alikwenda zahanati. Daktari Hussen alivitazama vidonge, akampima sukari, akaisoma namba, akampima tena.

— Nani amekutoa kwenye dawa?

— Mchumba wangu.

— Mwalimu, hizo kilo kumi na moja zilizokutoka, nyingine ni maji tu. Nyingine ni sukari imekula misuli yako kwa sababu haikuzuiwa. Hukupungua. Ulikuwa unaumwa, watu wakakupongeza.

— Sasa mbona hukunifuata? Restuta alipiga kelele, naye hakujua anamkasirikia nani. — Uliniona napotea ukaniacha!

— Nilimtuma nesi Kidawa mara mbili. Ulimwambia umepona na hutaki kusumbuliwa.

Ilikuwa kweli. Restuta akainamisha kichwa.

— Niliyokwambia mimi yanachosha, najua, Hussen akasema taratibu. — Ngumi moja ya ugali, kilo mbili kwa mwezi. Hayana picha ya kubandika mlangoni. Anza kumeza dawa leo. Ukitaka kulia, lia, lakini kwanza kunywa maji.

Asubuhi ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Uwanja wa Rasbura ulijaa, wanawake karibu thelathini wameviringisha kanga viunoni. Benjamini alikuwa mbele na filimbi yake. Alipomwona Restuta uso ukamchanua.

— Huyo anakuja! Tumpigie makofi! Akina mama, mnaona kitu hicho? Wiki sita tu!

Makofi yakalia. Restuta alitembea mpaka katikati, akasimama kando yake.

— Benja, Skolastika ni nani?

Tabasamu halikuondoka usoni, ila macho yalihama.

— Tutaongea baadaye, mpenzi.

— Na Brigita?

— Nimesema baadaye.

— Jana nilikuwa Mingoyo. Nilikaa kwenye mkeka wako. Nimemkuta mkeo anasaga vidonge vya kukojoza na vya kuharisha, anachanganya na mlonge. Hiyo ndiyo mizizi unayoijua wewe?

Mama mmoja aliyekuwa anachuchumaa akabaki hivyohivyo.

— Wamempa maneno huyu, Benjamini akawageukia wanawake. — Ni wivu wa madaktari. Mnajua wao wanaishi kwa nini!

Restuta akatoa simu. Sauti yake ilikuwa ile ya kusomesha watoto sitini.

— Tarehe kumi mwezi wa sita. Nilianguka darasani mbele ya ubao. Akaniandikia hivi: "Usiende hospitali mpz. Wakikupima wataharibu kazi yetu. Kunywa maji ya ndimu ulale." Kazi yetu! Mimi nilidhani kazi yetu ni ndoa.

— Zima hiyo simu.

— Nishughulikie lipi kwanza, Benja? Kwamba una mke, au kwamba ulikuwa unaniua?

Hapo Benjamini akamshika mkono, akamvuta karibu, akasema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia alipokuwa anamsindikiza Mitwero.

— Restuta. Sema kweli. Hukupendeza? Hukufurahi walipoacha kukucheka? Nilikupa ulichokitaka.

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu halikuwa uongo wote.

— Na huyo Umi unayemlilia, akaendelea, sasa kwa sauti kubwa ili wote wasikie, maana habari za Umi zilikuwa zimeshaenea. — Mimi sijawahi hata kuongea na Umi. Nani alimwambia aache dawa? Si wewe?

Wanawake wote wakamtazama yeye. Angeweza kukana. Angeweza kulia, wangemhurumia.

— Ni mimi, akasema. — Dada Umi alikuwa anaogopa, nikamwambia mimi ni mwalimu. Nilimdanganya bila kujua kwamba nami nadanganywa, lakini mdomo ulikuwa wangu. Hapa nina walimu wenzangu watano niliowaambia maneno yaleyale. Mwalimu Lusia, wewe nilikwambia. Mama Tomaso, na wewe. Nawaomba msiniamini tena. Mwendeeni nesi Kidawa, nimekuja naye, amesimama pale, ana kipimo cha presha na cha sukari. Mpimwe wenyewe, muone kwa macho yenu.

Kisha mwalimu Lusia akatoka kwenye mstari. Akafuata mama Tomaso. Mama aliyekuwa amechuchumaa akasimama, akampita Benjamini kama anavyopita nguzo ya umeme.

— Nimemnyonyesha mwanangu huku nakunywa huo unga, akamwambia. — Omba Mungu awe mzima.

Benjamini alipuliza filimbi mara moja, sijui kwa nini. Hakuna aliyegeuka.

Jumatatu bwana afya alikwenda Mingoyo akabeba makopo yote. Benjamini alikuwa ameshaondoka, na mpaka leo wanaosema wamemwona wanasema kila mtu mahali pake. Brigita alirudi kwao na watoto. Alimtumia Restuta ujumbe mmoja tu: "Dada nimefika salama. Meza dawa."

Restuta alimpigia baba yake.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu. Mbona sauti hivyo?

— Baba, hakuna ndoa. Ana mke.

Mzee Klementi hakuuliza habari za mke wala za posa.

— Unaumwa?

— Naumwa, baba. Lakini natibiwa.

— Basi tibiwa kwanza. Barua yake nitaiwashia moto wa kuchomea korosho.

Yalikuwepo majuma mabaya baada ya hapo. Mwili ulirudisha kilo saba, na ofisini minong'ono ikarudi nazo. Kuna mchana alikula maandazi sita mfululizo, akasimama jikoni anajichukia. Jioni akaenda zahanati akamwambia Hussen ukweli. Hussen hakushangaa.

— Sita. Haya. Na kesho utakula nini?

— Kunde.

— Basi tuonane mwezi ujao.

Umi alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Mdomo ulikuwa umerudi karibu na mahali pake, mkono wa kulia ukawa mzito, mguu anauburuta. Madaktari walimwagiza atembee kila asubuhi, ila Sada alikuwa anawahi kazini. Siku ya kwanza Restuta alipofika mlangoni, Umi alimtazama muda mrefu, akaingia ndani akafunga. Siku ya pili akafunga. Siku ya tatu alimwacha atembee nyuma yake hatua kumi. Ikawa hivyo wiki nzima.

Siku ya nane ya matembezi hayo mguu ulikwama kwenye mchanga, Restuta akamdaka kabla hajaanguka. Wakabaki wameshikana katikati ya njia, jua linachomoza, wote wawili wanahema.

— Dada Umi, Restuta akasema, machozi yanamtoka. — Utanisamehe?

Umi alifikiri. Maneno yalikuwa yanamjia taratibu siku hizi, inabidi ayatafute.

— Sijui, mdogo wangu. Wallahi sijui. Nakupenda, na nina hasira na wewe. Usinikimbize. Vya wiki sita tumeviona.

Kisha akampa ule mkono mzito aushike vizuri, wakaendelea kutembea.